Jinsi ya kuzuia haidrojeni isipasue kazi yako ya kuchomea

Kuna nyufa za kuchomea zinazoonekana papo hapo, kazi haijapoa. Hizo hazinisumbui sana kwa sababu zinajitangaza. Zinazonisumbua ni zile za kesho yake. Mkono wa kuvutia trela umechomewa jioni, mshono umenyooka, slagi imegongwa ikatoka yote, dereva amelipa na kulala ndani ya gari. Alfajiri tanboi anazunguka na tochi, anakuta mstari mwembamba umekimbia kando ya mshono, na gari halijasogea hata hatua moja. Hapo utasikia, "Fundi, chuma cha siku hizi ni feki." Mara nyingi chuma ni kizuri mno, na ndiyo shida yenyewe: ni kigumu, na wakati wa kuchomea kimeingiwa na haidrojeni.

Karakana yangu iko Miritini, Mombasa, kwenye barabara ya kwenda Mazeras. Kazi yetu kubwa ni trela za makontena na za klinka, malighafi ya saruji. Hewa ya huku ina maji mengi mwaka mzima, na mteja daima anataka kuondoka usiku huohuo. Hayo mawili, unyevu na haraka, ndiyo yanayoleta nyufa ninazozungumzia. Haya hapa chini ndiyo ninayowafundisha vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi.

Kinachobadilika ndani ya chuma

Mtu akikuambia kwamba haidrojeni inapunguza nguvu za chuma, muulize nguvu zipi. Ukichukua kipande cha chuma chenye haidrojeni ukakivuta kwenye mashine ya maabara, mzigo wa kukifanya kianze kunyooka moja kwa moja haubadiliki sana. Kinachoporomoka ni uwezo wake wa kunyooka kabla ya kukatika. Chuma kizima hurefuka, kikapungua kiuno, ndipo kikakatika. Chenye haidrojeni hukatika ghafla, kiuno hakijapungua. Uwezo wa kuzuia ufa usisambae nao hushuka, na ufa unaotokana na mtikisiko wa kila siku hukua haraka zaidi, wakati mwingine mara kumi na zaidi.

Baya kuliko yote ni kuvunjika kwa kuchelewa. Chuma kigumu chenye haidrojeni kinaweza kubeba mzigo ambao uko chini sana ya uwezo wake, kikatulia kwa saa au siku kadhaa, kisha kikakatika bila mtu kukigusa. Sababu ni kwamba atomu ya haidrojeni ni ndogo mno, inapita katikati ya atomu za chuma hata kwenye joto la kawaida la mchana. Inatembea polepole kuelekea mahali palipovutwa sana: ncha ya ufa mdogo, kona ya mshono, mzizi wa nyuzi za bolti. Ikishajikusanya vya kutosha, pale panaachia. Ufa unasogea kidogo, haidrojeni inaufuata, unasogea tena. Wanasayansi bado wanabishana kama inalegeza mshikamano wa atomu au inarahisisha chuma kuteleza pale penye ncha. Kwa fundi matokeo ni yaleyale.

Kwa sababu hiyo kugonga kwa nyundo hakukuambii kitu. Pigo ni la ghafla, haidrojeni haipati muda wa kufika. Maabara wanaotaka kuiona huvuta kipande polepole sana, kwa saa nyingi. Fundi anayepiga mshono wake nyundo mbili na kusema "umeshika huu" amepima kitu kingine kabisa.

Na kiasi kinachotosha kuleta balaa ni kidogo. Rodi zenye unyevu huingiza zaidi ya mililita 15 za haidrojeni katika kila gramu 100 za chuma kilichoyeyuka. Kwa uzito, hizo mililita 15 ni kama gramu 13 katika tani nzima.

Jua chuma ulichoshika

Chuma laini cha mageti na madirisha hakina shida hii kwa kiwango cha kukutisha. Hatari huongezeka kadiri chuma kinavyokuwa kigumu, na sehemu iliyo kando ya mshono hugeuka ngumu ikipoa haraka. Wakaguzi wengi hutumia ugumu wa 350 kwa kipimo cha Vickers kama mpaka wa eneo hilo: ukivuka hapo, jihadhari.

Ukipata karatasi ya chuma kutoka kwa muuzaji, piga hesabu hii ambayo mafundi wa dunia nzima wanaitumia, kila kitu kwa asilimia; jibu likiwa kubwa, chuma hugeuka kigumu kwa urahisi: kaboni, jumlisha manganisi gawanya kwa 6, jumlisha kromiamu na molibdenamu na vanadiamu gawanya kwa 5, jumlisha nikeli na shaba gawanya kwa 15. Chuma laini chenye kaboni 0.18 na manganisi 0.9 kinatoa 0.33, nacho unachomea bila wasiwasi kama si kinene sana. Shafti ya EN8 (EN na namba ni jina la aina ya chuma) yenye kaboni 0.45 na manganisi 0.7 inafika karibu 0.57. EN19, ambayo wengi huiokota kwenye ekseli na pini bila kuijua, inakaribia 0.8. Jani la springi la lori lenye kaboni 0.6, manganisi 0.85 na kromiamu 0.8 linafika 0.9. Ukivuka 0.4 anza kufikiria kupasha moto; ukivuka 0.6 usianze bila kupasha.

Huna karatasi? Tumia grainda gizani kidogo. Chuma laini hutoa cheche ndefu, zilizonyooka, zenye matawi machache. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasuka na kutawanyika karibu na jiwe. Jaribu pia faili: likiteleza bila kuuma, weka rodi chini kwanza. Na uliza kipande kilitoka wapi. Kilichokuwa springi, ekseli, jino la greda au uma wa foklifti kilitengenezwa kiwe kigumu.

Springi na u-bolti sichomei, hata mteja akiniongezea pesa. Nunua nyingine.

Rodi: hapa ndipo vita vinapopiganwa

Rodi ya 6013 ni rahisi, inawaka kwa mashine yoyote, mshono wake unapendeza. Lakini ganda lake lina maji kwa asili yake, na maji yakiingia kwenye moto wa kuchomea yanavunjika na kutoa haidrojeni. Rodi zenye ganda la selulosi, zile za kuchomea mabomba, hutoa nyingi zaidi. Kwa chuma kigumu au kinene, tumia rodi ya haidrojeni kidogo: 7018. Kwenye mkebe tafuta alama H4 au H8 mwishoni mwa jina, maana yake si zaidi ya mililita 4 au 8 katika gramu 100.

Ila 7018 iliyolala wazi kwenye rafu wiki nzima pwani haina tofauti kubwa na 6013. Ganda lake linanyonya maji kutoka hewani. Kanuni ya Marekani ya kuchomea miundo, AWS D1.1, inataka 7018 ya kawaida ikitoka kwenye mkebe uliofungwa ikae kwenye oveni ya joto lisilopungua nyuzi 120 za Selsiasi, na ikiwa nje isizidi muda wa saa 4. Ikizidi, irudishwe kuokwa kwa nyuzi 260 hadi 430, muda wa angalau saa 2, na mara moja tu. Iliyolowa kabisa, iliyonyeshewa au kumwagikiwa, haiokwi. Inatupwa au inatumika kutengeneza meza ya karakana.

Vijana huniuliza kuhusu kuanika juani. Jua la Mombasa halifiki popote karibu na nyuzi 260. Oveni ya jikoni nayo mara nyingi inaishia 250, na kuokea rodi mahali unapookea chakula ni jambo sitaki hata kulieleza. Kama huna oveni ya rodi, nunua mikebe midogo, fungua mmoja, maliza, fungua mwingine. Hilo linagharimu kidogo kuliko kurudia kazi. Sisi tuna oveni ya kuokea ya stima, na chupa ndogo ya joto anayoibeba mchomeaji hadi penye gari. Anachukua rodi mojamoja, hashiki fungu mkononi.

Kisha safisha. Kutu ni maji yaliyofungwa na chuma. Grisi, rangi na oili zote zina haidrojeni. Piga grainda hadi chuma king'ae, sentimita kadhaa kila upande wa mahali pa kuchomea. Asubuhi chuma cha pwani huwa na umande usiouona kwa macho. Pitisha moto wa gesi kwanza, utaona ukungu unatokea mbele ya mwali kisha unapotea. Endelea hadi usitokee tena.

Wakati wa kuchomea, shika moto mfupi, usizidi unene wa waya wa rodi. Ukirefusha unavuta hewa, na hewa yetu ndiyo hiyo yenye maji. Usikwaruze rodi pembeni kuiwasha. Alama ile ndogo ya kukwaruza kwenye chuma kigumu inapoa kwa kufumba na kufumbua na kuacha doa gumu lenye haidrojeni yake. Nimeona ufa wa shafti umeanzia hapohapo, mbali kabisa na mshono. Washa ndani ya mfereji, mahali utakapopita na mshono wako.

Moto kabla, wakati, na baada

Watu hudhani kupasha moto ni kukausha maji tu. Hiyo ni faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba chuma kilicho moto kinapoa polepole, hivyo hakigeuki kigumu sana, na haidrojeni inapata njia na muda wa kutoka. Kwenye nyuzi 200 inatembea kwa kasi kubwa mno kuliko kwenye 30. Nyufa hizi hutokea chuma kikiwa kimeshuka chini ya nyuzi 150 hivi, kwa hiyo kila dakika unayokishikilia juu ya hapo ni dakika ya kuitoa.

Kwa EN8 nene mimi hupasha hadi 150 au 200. Kwa EN19, 200 hadi 300. Tumia tochi ya gesi yenye mwali mpana, usiikazie mahali pamoja. Pasha sentimita 7 au 8 kila upande, kisha ondoa moto, subiri kidogo joto lisambae, halafu pima, ikiwezekana upande wa pili wa chuma. Chaki ya joto ni ya bei nafuu: chora mstari, ukiyeyuka joto limefika. Mate hayapimi kitu zaidi ya kwamba umevuka 100.

Usisahau taki, yaani mishono mifupi ya kushikiza vipande kabla ya mshono mkubwa. Kitaki kidogo kwenye bamba nene ndicho kinachopoa haraka kuliko chochote, na mara nyingi ndicho kinachopasuka kwanza, kisha mshono mkubwa unapita juu yake na kuuficha ufa. Pasha kabla ya taki, na uifanye iwe ndefu ya kutosha.

Joto lisishuke katikati ya kazi. Stima ikipotea ukiwa umefika nusu, usiende kunywa chai. Funika kazi na uwashe gesi.

Ukimaliza, kwa chuma kigumu usiache kipoe. Kipandishe hadi nyuzi 250 hivi palepale, kikae hapo saa moja au mbili, kisha kifunike kwa blanketi la asbestosi la zamani? Hapana, hilo litupe, linaua mapafu. Tumia blanketi la nyuzi za kauri, au zika kipande kwenye chokaa au majivu makavu hadi kesho. Makavu, narudia. Na anayemwagia maji mshono ili dereva aondoke haraka, kwangu hafanyi kazi.

Kama haiwezekani kupasha, kuna rodi za chuma cha pua, 309 au 312. Mshono wake unameza haidrojeni nyingi na kuifunga humo, isiende kwa wingi kwenye chuma kigumu cha pembeni. Ni ghali, na si ruhusa ya kuacha kusafisha, lakini imeniokoa mahali ambapo moto usingeweza kuwashwa.

Usikague jioni

Kwa chuma kigumu, ukaguzi wa siku hiyohiyo haukamilishi kazi. AWS D1.1 inataka vyuma vya nguvu sana vya aina ya A514 vikaguliwe si mapema kuliko saa 48 baada ya kumaliza kuchomea. Mimi nimelichukua hilo kwa kila kitu kinachovuta au kuinua mzigo. Dereva atalalamika. Namwambia mapema, kabla ya kuchukua kazi, na naandika kwenye risiti.

Tumia dawa ya kupenya, ile ya mikebe mitatu. Safisha, puliza nyekundu, subiri dakika kumi, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kisafishio, usipulize kisafishio moja kwa moja maana kitaosha hadi ndani ya ufa, kisha puliza nyeupe na usubiri tena. Angalia zaidi ukingo wa mshono unapokutana na chuma cha asili. Ufa wa haidrojeni hupenda hapo, au chini kabisa ya mshono ndani ya chuma kigumu. Huo wa chini dawa haiuoni. Kazi ikiwa ya hatari, ita mwenye mashine ya mawimbi ya sauti.

Bolti ngumu na maji ya betri

Bila kuchomea chochote unaweza kuingiza haidrojeni. Tazama namba ya nguvu kwenye kichwa cha bolti: 8.8, 10.9, 12.9. Hiyo 12.9 inabeba mvuto wa angalau megapaskali 1,220 kabla ya kukatika, na ndiyo inayoogopa haidrojeni kuliko nyingine. Tabia ya kulowesha stadi za magurudumu zenye kutu ndani ya maji ya betri ili zing'ae ni mbaya kuliko kutu yenyewe. Asidi ikila chuma hutoa haidrojeni, na sehemu yake inaingia ndani. Stadi inarudi safi, inakazwa, gari linaondoka, kisha inakatika ikiwa imesimama. Sehemu iliyovunjika hung'aa punjepunje kama sukari, bila alama ya kuvutwa. Safisha kwa brashi ya waya au mchanga wa kupuliza.

Kupaka zinki kwa umeme nako kunaingiza haidrojeni, na tabaka la zinki linaizuia kutoka. Kiwanda kizuri huoka bolti ngumu kwa nyuzi 190 hadi 220 muda mfupi baada ya kupaka, kwa kawaida ndani ya saa 4, na kwa muda mrefu. Ukinunua 12.9 inayong'aa zinki dukani bila karatasi yoyote, huna njia ya kujua iliokwa au la. Mimi huchukua nyeusi ya mafuta, au 10.9 na bolti moja zaidi pale nafasi ikiruhusu.

Wakubwa nao hupatwa. Daraja jipya la Bay kule San Francisco, Marekani, mwezi Machi 2013: bolti ndefu za kushikilia, nene sentimita 7 na ushee, zilikazwa, na ndani ya siku chache 32 kati ya 96 zikakatika. Zilikuwa chuma kigumu kilichochovywa zinki, zikakaa miaka kwenye mashimo yaliyoingia maji kabla ya kukazwa. Kutu yenyewe huzaa haidrojeni, na pwani kutu hailali.

Jaribio la kuwaonyesha wanafunzi

Mwaka 1875 Mwingereza William H. Johnson aliwaeleza wanasayansi wa Royal Society ya London kwamba waya uliokaa dakika chache kwenye asidi huvunjika ukipindwa mara moja, wakati kabla ya hapo ungepindwa na kurudishwa mara kadhaa. Akiulowesha mahali ulipovunjika, mapovu yalitoka. Na waya ulioachwa muda ulirudia hali yake.

Unaweza kulirudia. Fanya nje, vaa miwani na glavu, sigara iwe mbali kwa sababu gesi inayotoka inalipuka. Kata vipande vinne vya waya mgumu wa springi kutoka roli moja. Zimua maji ya betri kwa kumimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kimoja kiache. Vitatu viloweke dakika chache, usingoje vikaliwa hadi vikawa vyembamba. Osha. Kimoja kati ya hivyo kipinde papo hapo kwa koleo, polepole kabisa. Cha pili wakipinde papo hapo pia, lakini kwa ghafla, walinganishe. Cha tatu kioke kwa nyuzi 200 saa kadhaa, kisha kipinde vilevile pamoja na kile ambacho hakikuguswa. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa mikono yake hahitaji kuelezwa tena kwa nini mshono hupimwa baada ya siku mbili.

Ukikuta ufa

Usichomee juu yake. Toboa tundu dogo mbele kidogo ya kila ncha ili usikimbie unapofanya kazi, kisha utoe ufa wote kwa grainda, pole kwa pole, chuma kisiwe buluu. Puliza dawa ya kupenya tena. Ikionyesha hata mstari mfupi, endelea kukata. Kabla ya kujaza, pasha kipande chote hadi 250 na ukishikilie hapo saa moja au mbili ili haidrojeni iliyobaki kutoka kazi ya kwanza itoke, ushuke hadi joto la kuchomea bila kukiacha kipoe kabisa, halafu chukua rodi kutoka kwenye oveni. Ikipasuka mara ya pili mahali palepale, acha kurekebisha, kata sehemu hiyo yote na uweke bamba jipya lenye karatasi yake.